UKURASA WA JAMAA: Majani ya Harufu Nzuri na Chakula cha Nyumbani



Kule Provence, Ufaransa, watu wanalima lavanda. Hawauzi ua tu: wanalipika kwa mvuke, wanatoa mafuta, wanafanya sabuni, na wengine wanaviuza katika duka palepale shambani. Hata Pemba, kiwanda cha Wawi kinatoa mafuta katika makonyo ya karafuu.

Sisi wa Lusangi hatuna lavanda. Lakini mawese tunayo, na mchaichai iko nyuma ya nyumba. Dhahabu ikichimbwa haioti tena. Mchaichai ukikatwa unaota.

Mama, mukitaka kuanza: mawese kilo 1, soda ya sabuni gramu 130, maji gramu 350 yaliyochemshwa na mchaichai na kupoa kabisa. Pimeni kwa mizani, si kwa macho. Tieni soda katika maji polepole, inje ya nyumba. Maji yakimwagwa juu ya soda yanaruka na kuchoma. Musitumie sufuria ya aluminiamu. Soda ifungiwe mbali: mtoto akiinywa, koo linaungua, anaweza kufa. Mimineni katika mawese ya vuguvugu, korogeni mpaka inakuwa nzito. Sabuni ikae majuma 4 mbele ya kuuzwa.

Duka linaanza na meza moja. Andikeni katika kaye kila franka: iliyoingia, iliyotoka, na ya kununua soda ingine.

Na wewe baba wa machimboni, usipeleke faida ya mama kwenye pombe. Mwanamke wa Mithali 31 alifanya biashara, na mume wake alimtumainia.