Mchoraji Anayepiga Miayo

Huenda umeiona picha hii kwenye simu: bwana wa zamani, kofia nyeusi kichwani, ameegemea bakora, anakucheka huku akikunyooshea kidole. Watu wameibandika maneno ya utani ya kila aina na kuisambaza, wengi bila kujua kwamba huyo anayecheka ndiye aliyeichora. Ni Joseph Ducreux, Mfaransa aliyezaliwa Nancy mwaka 1735, na picha yenyewe, ya karibu mwaka 1793, imo katika jumba la Louvre mjini Paris. Toleo hili linahusu wasanii waliojichora wenyewe. Ninaanza na Ducreux kwa sababu naona utani wake haujapewa heshima yake.

Wataalamu wamezoea kutueleza kwamba alikuwa akifanya mazoezi. Tangu mwaka 1668, Charles Le Brun alipohutubia Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, wachoraji wa Ufaransa walifundishwa jinsi hofu inavyopandisha nyusi, jinsi hasira inavyokaza mdomo, na kadhalika hadi hisia zote zikaisha. Basi Ducreux, wanasema, alikuwa akijaribu somo hilo kwa uso wake. Sikatai. Ila maelezo hayo yanamgeuza kuwa mwanafunzi mtiifu, na mtu huyu hakuwahi hata kuwa mwanachama wa hiyo Akademia.

Tuangalie kazi iliyokuwa ikimlisha. Mwaka 1769 alitumwa Vienna kumchora Marie Antoinette, binti wa miaka 13, ili jamaa wa mchumba wake kule Ufaransa wapate kumwona bibi harusi mtarajiwa. Kazi hiyo ilimpatia ubaruni, na baadaye akawa mchoraji wa kwanza wa malkia. Nyuso za aina hiyo zilikuwa na masharti kama picha ya pasipoti: mdomo umefumbwa, macho yametulia, hakuna anayejua mwenye uso anawaza nini. Mteja gani angelipa fedha zake achorwe akipiga miayo? Katika watu wote waliokaa mbele ya turubai ya Ducreux, mmoja tu ndiye aliyemruhusu afanye atakavyo, naye ni yeye mwenyewe.

Na alifanya. Katika picha ya mwaka 1783, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles, amevaa koti jekundu na kilemba cheupe, mgongo ameupinda, mkono mmoja ameutupa mbele kana kwamba utakugusa, na kinywa kimeachama. Kwa haraka utasema ni picha ya mvivu. Lakini hebu jaribu kujichora ukipiga miayo. Mwayo hupita kwa sekunde chache, nao hufumba macho, mkono ulionyooshwa hauwezi kushika brashi, kioo hakikungoji. Uvivu ule umejengwa kipande kwa kipande, kwa kutazama, kukumbuka na kubuni, na mtu ambaye bila shaka hakuwa na usingizi hata chembe.

Kufungua kinywa nako hakukuwa jambo dogo. Mwaka 1787 Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha katika maonyesho makuu ya Paris picha yake akiwa amempakata bintiye Julie. Anatabasamu, na meno yanaonekana kidogo tu. Yakazuka manung'uniko kwamba wenye ladha hawawezi kukubali jambo hilo, kwani meno katika picha yalikuwa ya walevi, vichaa na watu wa chini. Na huyu alikuwa mchoraji kipenzi cha malkia! Hata hivyo tabasamu lake linaomba kupendwa. Ducreux haombi kitu. Anapiga miayo mbele yako kama vile wewe ndiye uliyemchosha.

Kinachonikera ni upendeleo. Miaka ya 1840 Gustave Courbet alijichora akiwa amekata tamaa: macho yamemtoka, mikono imeshika nywele. Hiyo nayo ni sura ya kuigiza mbele ya kioo, imetiwa chumvi kuliko mwayo wowote, lakini husikii watu wakiiita zoezi. Wanasema hapo tunaiona roho ya msanii. Kwa nini anayelia aaminiwe kwamba anatoa siri ya moyo, na anayecheka aambiwe anachezacheza? Ducreux alikuwa na ya kulia pia. Ndiye aliyemchora Louis wa 16 kwa mara ya mwisho kabla mfalme huyo hajakatwa kichwa Januari 1793, yaani takriban wakati uleule wa picha ya kidole. Aliyaona yote hayo kwa karibu, kisha uso aliotuachia ukawa wa dhihaka. Mimi nauamini uso huo kama ninavyouamini wa Courbet, pengine zaidi.

Wachangiaji wawili wa toleo hili wanashikilia kwamba nimempa Ducreux sifa asizostahili. Makala zao ndizo zinazofuata.