KOMPYUTA IKIWA BUBU, TUSIKIMBILIE MFUKONI



Safari hii tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengine watasema si la chama: kompyuta ya nyumbani iliyoacha kutoa sauti. Sisi tunasema ni la chama, kwa sababu linagusa mfuko wa mfanyakazi na masomo ya watoto wake.

Mwenzetu mmoja, mshonaji katika kiwanda kimoja huko Masoro hapa Kigali, alinunua kompyuta kuukuu kwa fedha za ikimina. Alijinyima miezi mingi. Siku moja kompyuta ikanyamaza. Picha zinaonekana, midomo ya watu inacheza, lakini sauti hakuna. Akalibeba sanduku la kompyuta hadi kwa fundi mjini. Fundi akalifungua, akatikisa kichwa, akasema kadi ya sauti imekufa, zinatakiwa faranga 30,000. Mwenzetu hakuwa nazo, akarudi nalo nyumbani. Jioni kijana wa jirani akatazama nyuma ya sanduku, akaona waya wa spika umechomekwa katika tundu la pinki, ambalo ni la maikrofoni. Akauhamishia katika tundu la kijani. Sauti ikarudi.

Hatujui kama fundi yule alidanganya au hakupima. Kwa mfuko wa mfanyakazi ni yale yale.

Lakini tujiulize na sisi. Mshonaji huyu cherehani yake ikianza kuruka mishono hakimbilii kumwita fundi. Hutazama kwanza uzi umepitaje, kisha hubadili sindano. Ndugu zetu wa viwanda vya chai nao wanajua kwamba mashine ikisimama hutazamwa umeme na mkanda kabla ya kufungua mota. Huanzia nje wakaenda ndani, huanzia rahisi kabla ya ghali. Kwa nini basi tukifika mbele ya kompyuta tunajiona wajinga? Kompyuta nayo ni mashine. Twende nayo kwa utaratibu ule ule.

Kwanza, tazama alama ya spika kwenye pembe ya chini ya kioo. Ikiwa imepigwa mstari au msalaba, sauti imezimwa tu. Kompyuta nyingi za kubeba zina kitufe chenye picha ya spika, na mtoto akikigusa bila kujua sauti hukatika.

Pili, tazama spika zenyewe. Je, zina umeme? Kitufe chake cha sauti kimefunguliwa? Waya umo katika tundu la kijani? Ikiwa hedifoni zimechomekwa, zichomoe, maana zikiwamo spika hunyamaza. Hata vumbi ndani ya tundu laweza kuidanganya kompyuta ikadhani hedifoni zimo.

Tatu, pima kwa kubadilisha. Chomeka spika hizo kwenye simu au redio yenye tundu kama hilo. Zikilia, spika ni nzima. Chomeka hedifoni kwenye kompyuta. Zikilia, kadi ya sauti ni nzima. Kipimo hiki hakigharimu hata faranga moja.

Nne, bonyeza alama ya spika uone sauti inaelekezwa wapi. Kompyuta iliyounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, au na spika ya Bluetooth, huweza kuendelea kupeleka sauti huko hata kama hakuna anayesikiliza. Tazama pia kama ni programu moja tu iliyonyamaza au zote.

Tano, izime uiwashe tena. Ikiwa imewekewa mfumo mpya karibuni, huenda imekosa programu ya kuongoza kadi ya sauti, ambayo mafundi huiita draiva. Hii kwa kawaida hupatikana bure kwenye intaneti kwa mtengenezaji wa kompyuta hiyo. Asikuuzie mtu kadi mpya kabla ya kujaribu hilo.

Haya yote yakishindikana, hapo fundi anahitajika, na alipwe haki yake. Fundi mwaminifu ni mfanyakazi kama sisi. Ila tukubaliane bei kabla, tubaki pale anapopima, na kifaa akibadilisha atupe kile cha zamani.

Wako watakaosema sauti ni anasa, ya muziki na filamu. Wasahau muziki. Mwaka 2008 serikali yetu iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Wengi wetu tulisoma kwa Kinyarwanda au Kifaransa, na wengine hatukumaliza shule. Mtoto akituuliza neno hili la Kiingereza linatamkwaje, tunajibu nini? Na mwezi wa Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipitia redioni, kwenye televisheni na kwenye intaneti, hadi shule zilipoanza kufunguliwa tena Novemba mwaka ule. Nyumba yenye kompyuta bubu ilikuwa na mwalimu asiyesema. Mwenye mali alinunua nyingine. Mtoto wa mchuma chai alisubiri.

Wahenga walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Maarifa haya madogo yakikaa kwa wachache, yanakuwa biashara ya kutukamua. Yakikaa kwa wengi, yanakuwa akiba yetu sote.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kila tawi litenge jioni moja kwa mwezi, wanachama walete mashine zilizowashinda, na vijana wetu wanaojua wawafundishe wazazi wao kutazama hatua moja baada ya nyingine. Wasiwatengenezee tu, wawafundishe. Na waajiri wanaoingiza kompyuta viwandani na katika ofisi za mashamba watakiwe kuwafundisha wafanyakazi wenyewe kuzitunza, si kuwaonyesha kitufe cha kuwashia tu.

Mshonaji wetu wa Masoro amekwisha kuahidi kuja katika jioni ya kwanza. Anasema atatuonyesha tundu la kijani.