Mtoto wa Segera na Shahada ya Sanaa za Maonyesho

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatokapo, wako vijana wa Segera wanaoomba nafasi Chuo Kikuu. Akitokea mmoja aliyeandika kwamba ataka shahada ya sanaa za maonyesho, nyumba hupata msiba mdogo. Baba, kibarua wa mkonge, huuliza: je, niuze mbuzi wangu ili mwanangu akafundishwe kuchekesha watu? Mama auzaye machungwa kwa abiria wa mabasi, pale njia za Tanga na Korogwe zinapoachana, hasemi neno, lakini moyoni auliza hayo hayo.

Swali hilo ni la haki. Mwenye kutoa fedha ana haki ya kujua anunuacho. Twataka tu aulize akiwa na habari kamili.

Somo lenyewe si la jana. Chuo chetu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kwa somo la sheria peke yake. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ikaanzishwa idara ya sanaa za maonyesho. Hapo ndipo walipopita Ebrahim Hussein, aliyetoa Kinjeketile mwaka 1969, na akina mama Penina Muhando na Amandina Lihamba, ambao baadaye walifundisha papo hapo. Naye Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Wala hakuwa mtu aliyekosa kazi!

Mwanafunzi hujifunza kuandika mchezo, kuuongoza, kupanga jukwaa na mavazi, na kuchunguza ngoma na hadithi za watu. Lakini kazi tunayoisifu zaidi hufanyika nje ya Chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa idara hiyo walikwenda kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza. Hawakubeba mchezo ulioandikwa Dar es Salaam. Waliuliza kwanza wenyeji wana shida gani. Wenyeji wakazitaja, wakazitia katika ngoma na maigizo yao, wakacheza hadharani, kisha wakajadiliana. Mama asiyethubutu kusimama mkutanoni mbele ya mwenyekiti hupata kusema ndani ya mchezo, tena huchekwa na kusikilizwa kwa pamoja. Mabango mengi ya wizara hayajaiweza kazi hiyo.

Basi mzazi asiidharau shahada hii. Hata hivyo hatutamficha jambo: haina ofisi inayomngoja mtu. Ziko nafasi za ualimu, za afisa utamaduni katika halmashauri, za redio na filamu, lakini ni chache na wazitakao ni wengi. Kijana apendaye kucheza ngoma na kuigiza tu, wala hapendi vitabu, hana haja ya miaka mitatu ya Chuo Kikuu. Bagamoyo kipo chuo kilichoanza mwaka 1981, nacho leo chaitwa TaSUBa. Hutoa astashahada na stashahada. Shahada ni ya yule atakayeandika, atakayefundisha na kuongoza wengine. Mzazi na amwulize mwanawe: shuleni umepata kutunga mchezo hata mmoja?

Huenda jibu likawa hapana, na kosa si la mtoto. Wengi husoma tamthilia kama kitabu cha mtihani. Wamjua Ngoswe wa Edwin Semzaba, karani wa sensa aliyeponzwa na mapenzi hata karatasi za serikali zikateketea, lakini hawajamwona akisimama jukwaani.

Hapo Chuo Kikuu nacho kinadaiwa. Kodi ya muuza machungwa imo katika mishahara ya walimu wake. Twaomba mafunzo ya vitendo yasiishie Dar es Salaam. Handeni kuna ugomvi wa ardhi baina ya wakulima na wafugaji, nao umezungumzwa katika mikutano mingi. Wanafunzi na walimu wao wapande basi, washuke Segera, wawaulize watu kama walivyoulizwa wa Malya. Uwanja wa shule watosha, na mchana taa hazihitajiwi.