Lafudhi Peke Yake Si Kichekesho

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Makere, wilayani Kasulu, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nina ombi moja: tutengenezeeni kipindi cha vichekesho vya familia ambacho nyumba yake iko huku kwetu.

Kipimo changu ni kipindi cha majirani zetu wa Kenya, Vitimbi cha KBC. Mzee Ojwang' na mkewe, Mama Kayai, walizozana mpaka mtazamaji akawazoea kama watu wa mtaani kwake. Benson Wanjau, aliyecheza Ojwang' na kufariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini mzee aliyemwigiza alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo, na Wajaluo wenyewe walimpenda. Nadhani walimpenda kwa sababu lafudhi haikuwa ndiyo kichekesho. Kilichochekesha ni ujanja wa mume anayedhani mkewe hamwoni. Ondoa lafudhi, kisa bado kinachekesha.

Katika vichekesho vingi ninavyoviona siku hizi, vya televisheni na vya kwenye simu, mambo ni kinyume. Mha, Mkongo au Mrundi huingia, hutamka maneno mawili kwa lafudhi yake, watu wakacheka, akatoka. Hana mke, hana mkwe, hana shamba wala deni. Mtoto wa Kasulu anayekwenda kusoma Dar es Salaam anajifunza kuificha sauti ya bibi yake kabla hajashuka kwenye basi. Hilo linaniuma sana.

TBC mnaijua kazi hii. Ninyi ni warithi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyotupa vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Ze Orijino Komedi ilipokuwa TBC1, watu waliacha shughuli zao kuwasubiri Joti, Masanja na Mpoki. Joti akivaa ubibi, alikuwa bibi kweli. Lakini vichekesho vya Ze Orijino Komedi vilikuwa vipande vifupi. Mtu huzoeleka akiwa na nyumba, na tukirudi kwake wiki hadi wiki.

Visa huku vimejaa. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 Warundi wakaja kwa makumi ya maelfu. Waliozaliwa kambini sasa nao ni wazazi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo mama wa Makere na mama wa Kirundi wanaweza kubishania bei ya maharage bila kugusa Kiswahili, huku Mkongo, Mbembe wa Fizi, amesimama katikati akiamini anasengenywa. Kuna mkwe asiyekubali ugali mwingine ila wa muhogo. Kuna mzee anayefunga mizigo kila akisikia tetesi za kurudi kwao, na mkewe anaifungua kila jioni kwa sababu sufuria imo ndani. Kisa hicho kimoja kingemchekesha Mtanzania yeyote, na angemfahamu mkimbizi vizuri zaidi kuliko kwa taarifa kumi za habari.

Ila msituletee kampeni iliyovishwa nguo za kichekesho. Huku tumeelimishwa sana, kuanzia kunawa mikono hadi kuhifadhi kuni. Acheni familia hii ikosee, idanganyane, ipatane, bila mtu kusimama mwishoni kutoa somo.

Waigizaji wawe watu wa huku huku, wazungumze kama wanavyozungumza nyumbani. Wakongo wana desturi hii tangu zamani: kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilichekesha redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha mji ule ule, bila kukisafisha. Vipaji vya namna hiyo vipo Kasulu, Kibondo na ndani ya kambi, na watakaochaguliwa walipwe kama wasanii wengine.

Naomba mtume mtayarishaji Kasulu na Kibondo atangaze usaili wa waandishi na waigizaji, na mwombe kibali Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ili wa Nyarugusu nao wasikilizwe. Kisha kipindi kirushwe baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wakati bibi, wazazi na watoto bado wako pamoja sebuleni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtazamaji, Makere.