Nyoka wa Syokimau Bado Anatema Moshi

Sisi Wakamba tunasimulia kwamba nabii Syokimau, kabla mkoloni hajatandaza reli, alimwona nyoka mrefu akitambaa kutoka pwani, akitema moto na moshi. Nyoka akaja. Leo kuna stesheni yenye jina la nabii huyo, huku kwetu Machakos. Simama pale asubuhi treni ya abiria ikinguruma kuelekea jijini, kisha vuta pumzi. Utakiri kwamba yule mama hakukosea. Zaidi ya karne moja imepita, nasi bado tumo ndani ya utabiri wake!

Lakini tazama wenzetu. Juni 2016, Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, liliviaga vichwa vyake vya umeme vya AEM-7. Vilianza kuvuta abiria mwaka 1980, vikazeeka kazini, vikavipisha vipya vya umeme. Oktoba mwaka huohuo, Ethiopia ikazindua reli ya umeme ya Addis Ababa hadi Djibouti. Nasi, Mei 31, 2017, tukakata utepe wa reli yetu ya kisasa, SGR, kwa vifijo na kwa deni: vichwa 56, vyote vya dizeli. Wenzetu wanastaafisha umeme uliozeeka. Sisi tunaajiri moshi.

Hatukukoma hapo. Kisiwa cha Mallorca, Hispania, kiliweka nyaya za umeme kwenye reli zake, treni zake za dizeli zikakosa kazi. Nani akazinunua? Mwaka 2020 Kenya ilipokea 11 kwa ajili ya abiria wa Nairobi na viunga vyake. Shati la mtumba nalivaa bila haya, lakini shati halinywi mafuta. Tumenunua kile ambacho mwenzetu alikivua kwa sababu umeme umefika kwake.

Watetezi wa dizeli wana jibu: umeme wetu hukatika. Kweli, Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizama gizani, na treni ya umeme ya Tanzania nayo imewahi kukwama kwa hitilafu. Lakini stima zikipotea nyumbani, mtu huwasha koroboi akasubiri. Hang'oi nyaya ukutani. Watanzania hawakuzing'oa. Wanapanda mchongoko, treni yao ya umeme, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, huku sisi tuliotangulia kwa miaka saba tukihesabu lita.

Tena umeme wenyewe tunao. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Jioni hautoshi, sikatai. Lakini usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, mvuke wa Olkaria huachiwa upotee hewani. Saa hizo ndizo treni za mizigo zingeutumia. Mwaka 2019 tuliisogeza SGR hadi Suswa, jirani na visima vya mvuke huohuo, na bado tukapeleka dizeli. Huko ni kuishi kando ya mto na kununua maji ya mkokoteni.

Tuliambiwa reli hii imejengwa ili iweze kuwekewa umeme baadaye. Baadaye ni lini? Mtumishi wa umma nchini hustaafu akifika miaka 60, na tarehe yake anaijua tangu siku ya kuajiriwa. Kichwa cha dizeli nacho kipewe yake. Wizara ya Uchukuzi itangaze mwaka ambao kila kimoja kitaondoka, na kitakachoshika nafasi yake. Reli ya kwenda Kisumu na Malaba isilazwe hata kilomita moja bila nguzo za umeme kando yake. Na atakayeleta tena treni ya dizeli, mpya au ya mtumba, aje kwanza Syokimau asimame nasi jukwaani saa kumi na mbili asubuhi, atueleze huku akikohoa.

Nabii alituambia nyoka atakuja. Hakutuagiza tumlishe dizeli milele.