Tasnifu Isikunyang'anye Vitabu

Katika vyuo vikuu vyetu wameongezeka wasomi wasiosoma. Sisemi hivi kwa dhihaka, wala simlengi mtu mmoja. Nawasema vijana wetu wa uzamili na uzamivu, ambao kutwa wamo maktabani au mbele ya kompyuta wakipekua maandishi, lakini ukimwuliza mmojawao ni kitabu gani alichokisoma mwaka huu kwa kukipenda tu, anacheka na kujibu kwamba cha mwisho cha namna hiyo kilikuwa cha kidato cha nne, tena kwa sababu kilikuwa kwenye mtihani. Jambo hili si la kuchekewa. Nataka kulizungumza kwa uwazi, kwa kuwa naamini kwamba anayesomea shahada ya juu huku ameviacha vitabu avipendavyo anajipunguzia elimu ileile anayoitafuta.

Tuwatendee haki kwanza. Maisha ya mwanafunzi wa uzamili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hayana nafasi nyingi. Alfajiri anatoka chumba cha kupanga Changanyikeni au Msewe, awahi maabara au kiti cha maktaba kabla hakijakaliwa. Asubuhi ni makala za majarida. Mchana ni wali maharage na kurudi kwenye pendekezo la utafiti ambalo msimamizi amelirudisha limejaa wino mwekundu. Jioni wengine wanasahihisha kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza, wengine wanakwenda kufundisha tuisheni ili kodi ipatikane. Wapo walioajiriwa, wanaotoka ofisini saa kumi na moja na kuingia darasani wakiwa hoi. Wapo kina mama wanaoandika sura ya pili mtoto akiwa amelala mapajani. Juu ya hayo yote simu inalia: mchango wa harusi, msiba nyumbani, ada ya mdogo wake. Mtu wa namna hii ukimwambia asome riwaya, ana haki ya kukuuliza kama unamtakia mema.

Namtakia mema, na sababu zangu ni hizi. Usomaji wa utafiti ni usomaji wa kuwinda. Mtafiti anafungua makala, anasoma ikisiri, anaruka hadi hitimisho, anachukua aya anayoihitaji, anaandika jina la mwandishi na mwaka, kisha huyo anakwenda kwenye nyingine. Ndivyo kazi inavyotaka, na asiyeweza hivyo hatamaliza. Lakini miaka ya kuwinda peke yake inamwondolea mtu uvumilivu wa kukaa na fikra za mwenzake tangu mwanzo hadi mwisho. Siku inafika anapotakiwa kuandika kazi ndefu, ambayo sura ya kwanza inaahidi na sura ya mwisho inatimiza. Ataijengaje, ikiwa miaka yote hiyo hajaifuata hoja ya mtu mmoja kwa kurasa mia mbili mfululizo? Tasnifu nyingi zina sura ambazo kila moja inasema lake, kana kwamba zimeandikwa na watu watano wasiofahamiana. Dawa mojawapo ni kusoma vitabu vizima.

Sababu ya pili ni lugha. Ukiacha idara za Kiswahili, tasnifu nyingi za Tanzania zinaandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti wa maji au wa udongo anapanga hoja, anaandika na kutetea kazi yake kwa lugha hiyo. Kisha anarudi kwa wakulima waliompa muda wao na majibu yao, na hawezi kuwaeleza alichokigundua bila kuchanganya lugha kila baada ya maneno matatu. Kosa si la Kiingereza, maana lugha ya ziada ni mali. Kosa ni letu tunaodhani kwamba Kiswahili cha kueleza jambo gumu kwa ufasaha tulizaliwa nacho. Hatukuzaliwa nacho. Kinapatikana kwa kuwasoma waandishi waliokihangaikia.

Na vitabu vyenyewe vinamhusu msomi kuliko anavyodhani. Chukua Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kazimoto, anayesimulia, ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi kwao. Elimu imemfungua macho, lakini imemtenga na wazazi na wanakijiji. Anawaona wote, anawahukumu wote, hana wa kusema naye, na mwisho wake ni kujiua. Ni kitabu kichungu, na wapo wanaokilaumu kwa kukata tamaa. Mimi namshauri kila anayeanza uzamili akisome, kwa kuwa upweke wa msomi katikati ya watu wake haumo katika kanuni za chuo wala katika orodha ya marejeo, na ni heri mtu azijue dalili zake mapema.

Baada ya hicho asome Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, naye anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao. Waliporudi nayo walipokewa kwa kifungo. Nani asiyewaona humo vijana wetu wanaorudi na shahada kutoka ng'ambo, kisha mapendekezo yao yakafungiwa kabatini? Lakini tazama pia namna Karama anavyojitetea. Hatukani wala hajipendekezi. Anaupanga ushahidi wake, mjumbe baada ya mjumbe, hadi baraza lenyewe linabadilika. Kwa mtu anayesubiri kusimama mbele ya jopo la watahini, somo la utetezi bora kuliko hilo sijaliona.

Watakaosema kwamba mapenzi ya vitabu yanachelewesha shahada nawaonyesha Kezilahabi huyohuyo, mzaliwa wa Ukerewe. Alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji na mashairi ya Kichomi mwaka 1974, na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Mwaka 1976 akakamilisha tasnifu yake ya uzamili hapohapo Dar es Salaam, na mada aliyoichagua ilikuwa riwaya za Shaaban Robert. Alikwenda Marekani, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985 kwa kazi iliyohusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Na baada ya hapo zikaja Nagona na Mzingile, riwaya za kifalsafa zisizofanana na alichokuwa amekiandika kabla. Alichokipenda kilimpa mada ya utafiti, na utafiti ukampa namna mpya ya kuandika. Si wote tutaandika riwaya, lakini mfano wake unatosha kuonyesha kwamba mambo haya mawili hayagombani.

Wala sitaki vitabu vyote viwe vya kukunja uso. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na ndani yake Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi asiyeridhika na jibu la haraka. Wengine wanapokuwa wameshamjua mwuaji, yeye bado anauliza maswali madogomadogo. Mwanafunzi atakisoma kwa raha, na kesho yake atazitazama takwimu zake kwa shaka yenye faida. Anayetaka kukaa visiwani zaidi asome Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Na aliyefurahi kusikia kwamba Abdulrazak Gurnah amepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, bila kuwahi kumsoma, anaweza kumsoma kwa Kiswahili katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Utasema huna wakati. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa Rais wa Tanganyika, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Sikuombi utafsiri Shakespeare. Nakuomba kurasa kumi kwa usiku, muda uleule unaoutumia kupitia makundi ya simu kabla ya kulala. Kwa mwendo huo riwaya ya kurasa mia mbili inakwisha kwa siku ishirini. Utasema huna fedha. Ni kweli vitabu vimepanda bei, lakini Maktaba Kuu ya Taifa ipo Dar es Salaam tangu mwaka 1967, maktaba mpya ya Mlimani ilifunguliwa mwaka 2018, na vitabu vilivyokwisha kusomwa hupangwa kando ya barabara za mjini kwa bei ya kupatana. Utasema kwamba riwaya haina alama. Hapo umesema kweli, na ndiyo faida yake: ni usomaji pekee ulionao ambao hakuna mtu anayekupima.

Basi ndugu yangu, shika mambo matatu. Chagua kitabu kimoja kilicho nje ya fani yako, ukisome mpaka mwisho, hata kama katikati kinakuchosha. Ukikimaliza, andika nusu ukurasa kwa Kiswahili: kimesema nini, kimekugusa wapi, unakipinga kwa lipi. Usitafute istilahi, andika kama unamweleza mjomba wako aliyeuliza unachosoma. Anayejizoeza hivyo kila mwezi hataogopa sura ya nne ya tasnifu yake. Kisha mwazime mwenzako kitabu hicho na umwambie kwa nini. Chai ya saa nne ina nafasi ya mazungumzo mengine zaidi ya malalamiko juu ya wasimamizi.

Nanyi walimu wetu mnaosimamia kazi hizi, mna sehemu yenu. Mnapomwita mwanafunzi ofisini kumwuliza amefikia wapi, mwulizeni pia anasoma nini. Msimwone mvivu mkimkuta na riwaya mkononi. Wengi wenu mlipenda vitabu kabla ya kupenda utafiti. Mwambieni vilikuwa vipi, naye atavitafuta.

Shahada itapatikana, Mungu akijalia, na cheti kitatundikwa ukutani. Watakaokuja kwako kutaka msaada hawatakisoma cheti hicho. Watakusikiliza unavyofikiri na unavyosema. Kwa hiyo, vijana wetu, someni vya kufaulu, na someni vya kupenda. Anzeni usiku wa leo.