Historia Iliyofungiwa Sandukuni

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne habari za Vita Vikuu vya Pili, naye atakutajia Hitler, Stalingrad na Hiroshima pasi na kusita. Mwulize wanawake wa Malindi walivaa nini miaka hiyo, atakutazama kana kwamba umemwuliza upuuzi.

Vita vile vilifika mlangoni petu. Mnamo Oktoba 1940 ndege za Waitaliano, waliokuwa wakiitawala Somalia, zilidondosha mabomu mjini Malindi. Hata hivyo, pigo lililodumu majumbani halikutoka angani bali dukani. Katika miaka ya 1930 nguo nyingi za bei nafuu zilizouzwa Afrika Mashariki, leso zikiwamo, zilitoka Japani. Japani ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza Desemba 1941, mlango huo ulifungwa. Nguo ikaadimika, bei ikapaa. Aliyezoea doti mpya kila Idi akawa hana budi kuitunza ya mwaka juzi. Mgiriama naye, huko bara ya Kilifi, angeipata wapi nguo ya kushona hando, vazi la marinda mengi linalomeza yadi kwa yadi?

Haikuwa mara ya kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza merikani, nguo ambayo jina lake tu lashuhudia ilikotoka. Maneno yetu ya mavazi yamejaa ushahidi wa aina hiyo. Leso ni la Wareno. Kaki, vazi la askari, lina asili ya Kiajemi lenye maana ya vumbi, nalo lilipitia India kabla ya kutufikia. Hata askari mwenyewe, keya, alipata jina kutokana na herufi tatu za jeshi lake, KAR.

Keya hao walipigana Burma mwaka 1944. Waliporejea na mishahara yao, mapambo yalirudi. Marehemu nyanya yangu alikuwa na kisutu kilichonunuliwa kwa fedha hizo. Hakukivaa ila harusini, na kila alipokikunjua alianza kusimulia: nani alirudi, nani hakurudi, nani aliposwa na nani akakataa. Sijasoma kitabu kinachoieleza ndoa ya wakati ule kwa ukamilifu huo.

Mwenzangu mmoja chuoni aliwahi kuniambia kwamba leso ni mambo ya ngomani, si ya taaluma. Nilishangaa, kwa kuwa yeye ni mwanahistoria! Leso ina jina, yaani maandishi yake. Za zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, za baadaye kwa hati za Kirumi; hilo pekee humsaidia mtafiti kukadiria umri wake.

Nawasihi walimu wa Malindi na Kilifi: likizo ijayo wapeni wanafunzi kazi hii. Waandike jina la leso, hati yake, nani aliitoa, kwa shughuli gani, na ugomvi gani uliifuata. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mabomu yalipoanguka sasa amepita 90, kwa hiyo tusingoje muhula mwingine. Ila mwanafunzi aombe idhini kwanza. Masanduku hayo yana leso za siri, na nyingine zimewekwa akiba kwa ajili ya jeneza la mwenyewe.